Nilivimbiwa

Tarehe 6 Machi

Kwako mdogo wangu Gunia,

Salamu nyingi, na naomba zikukute mzima. Sisi huku tu wazima wote, ukimtoa mgonjwa, na anayemuuguza mgonjwa, na cherehani, ambayo nayo imeanza kukohoa.

Usishtuke kuona barua ya pili mwezi huu. Ni mguu wa mama. Kile kidonda cha kisigino kilifunga juu, tukafurahi, kumbe chini kinaendelea na shughuli zake. Sasa mguu umejaa hadi karibu na goti, unawaka moto, na harufu yake inanifanya nishonee sare za watoto wa watu barazani zisije zikanuka. Asubuhi namfungua bandeji, namwosha, namlisha, nashona, namfungua tena. Nimechoka mpaka uchovu wenyewe umechoka kukaa na mimi.

Juzi nilimpeleka kituo cha afya kwa mkokoteni wa muuza maji, maana hawezi kukanyaga. Tuna daktari mpya, binti mwenye miwani, mdogo kuliko wewe, lakini hana haraka ya vijana. Alibonyeza, akanusa, akasema huenda uchafu umeshafika kwenye mfupa, na dawa inayofaa zaidi ni ya ukoo wa penisilini. Kisha akauliza, "Mama, una mzio wa dawa yoyote?" Mama akamjibu kwamba yeye hana mzio, anakula kila kitu, hata maharage ya jana. Unajua kwa mama mzio ni mwiko wa chakula. Tulicheka sote, hata muuguzi aliyekuwa na uso wa kufiwa.

Daktari akauliza kwa njia nyingine, kama kuna dawa iliyowahi kuleta balaa. Mama akanitazama mimi, akatazama ukuta, akasema lile neno tulilokua nalo: "Ile sindano ya penisilini. Nilivimbiwa."

Binti akaweka kalamu chini. Akataka kujua ni kuvimbiwa kwa tumbo, kama mtu aliyeshiba kupita kiasi, au ni kuvimba, uso na midomo. La kwanza si kesi, alisema, la pili linaua. Lakini mama alikuwa ameshaondoka. Siku hizi anakuja na kuondoka bila kunyanyuka kitandani. Alikuwa anauliza nani kafunga mlango.

Nikaelezwa kwamba dawa nazo zina ukoo. Penisilini ana ndugu wa tumbo moja, wengi, kila mmoja na koti lake: huyu sindano, huyu kidonge cheupe, huyu dawa ya maji ya watoto, huyu kapsuli ya rangi mbili. Mwili ukigombana na mmoja usiwaamini ndugu zake. Halafu kuna mabinamu, wenye jina lingine kabisa. Hao mara nyingi hawana neno, lakini mara mojamoja mwili unaiona sura ya ukoo na ugomvi unaanza upya.

Sasa nisikilize. Wakati wa sindano hiyo mimi nilikuwa nasoma kwa bibi. Baba yuko kaburini, hatumuulizi. Aliyekuwa nyumbani na mama ni wewe, hata kama ulikuwa bado unaburuta kaptura. Alivimba uso, au alijaa tumbo? Fikiri vizuri na usinitungie hadithi. Mguu wa mama umesimama juu ya jibu lako.

Ni mimi,
Dada yako


Tarehe 15 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Na mama mpe shikamoo yake, umwambie kwa sauti kubwa, maana uliniambia sikio moja limestaafu. Mimi hapa ni mzima wa mwili, isipokuwa gego moja upande wa kushoto ambalo limeamua kuishi maisha yake. Hapa kiwandani vigae vinaokwa na sisi tunaokwa. Chumba tunalala watu sita, na anayekoroma kuliko wote ndiye niliyepangiwa kitanda cha juu yake. Tunamwita Fundi Tanuri. Akikoroma, kitanda changu kinatembea.

Barua yako imenikaa moyoni. Nimeifikiria siku nzima nikiwa kwenye mstari wa kupanga vigae, kazi ambayo mikono inafanya peke yake na kichwa kinaweza kwenda kutembea. Nakumbuka mambo machache, na sina hakika kama ni yangu au nimeyaokota katika maneno ya watu. Nakumbuka harufu ya spiriti. Nakumbuka kutikiswatikiswa. Nakumbuka kandambili zinapiga chini, lakini moja tu: inapiga, kimya, inapiga, kimya. Na giza. Lazima ilikuwa jioni na umeme umekatika, kwa sababu nasikia watu wanapiga kelele na sioni hata mmoja. Halafu mama analia. Sijawahi kumsikia analia vile tena, hata siku ya kumzika baba.

Kwa hiyo uso wake siwezi kukuambia, sikuuona. Lakini Dada, mtu halii namna ile kwa sababu ameshiba. Mwambie daktari mama alivimba. Bora wamwogope penisilini bure kuliko wamchome halafu tujute.

Kuhusu jino usijali. Tuna muuguzi wa kiwanda tunayemwita Bwana Dirisha, maana humwoni zaidi ya mkono. Unataja ugonjwa, mkono unatoka na vidonge. Amenipa vya maumivu, nikimeza napata kama nusu siku ya amani.

Pole sana kwa kuuguza. Najua neno pole halifui bandeji.

Ni mimi mdogo wako,
Gunia


Tarehe 2 Aprili

Gunia,

Habari za huko, na za jino. Za huku nzuri usiulize.

Daktari alilisikia jibu lako. Aliandika kwa wino mwekundu juu ya cheti cha mama kwamba penisilini na ukoo wake wote wasimkaribie, akampa dawa za ukoo mwingine. Ya kwanza mama aliitapika kila alipoimeza. Ya pili haikutapikwa, lakini mguu haukuijali hata kidogo. Basi tukaandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa, na ndiko ninakokuandikia, nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa kando ya kitanda chake. Viti ni vya wageni. Mimi si mgeni tena, nafagia wodi.

Hapa daktari wa upasuaji ameutazama mguu na kusema bora ukatwe chini ya goti kabla sumu haijapanda. Yule binti wetu mwenye miwani, Mungu amzidishie, alipiga simu kuwasihi wajaribu kwanza binamu mmoja wa penisilini, hapahapa hospitalini, ambapo kuna hewa ya mitungi na ile sindano ya kumrudisha mtu akizidiwa. Mkubwa wao amekataa. Amesema kwa kizee aliyewahi kuvimba namna hiyo, na moyo wenyewe umechoka, hataki kubahatisha hata kwa binamu. Simlaumu. Jibu tulimpa sisi.

Wameweka siku ya kukata, baada ya damu yake kupanda kidogo.

Nimefua bandeji mpaka ngozi ya vidole imetoka. Nguo za watu nimeziacha hazijapindwa. Mama wa kitanda cha jirani ananiambia mtoto wa kike ni baraka, nami naendelea kukamua bandeji. Kila siku mama anaamka na kuuliza, "Gunia amekula?" Hajaniuliza mimi kama nimekula, tangu tufike. Si wivu. Au ni wivu, lakini sina nguvu ya kuushughulikia. Nataka uje. Sikuombi ufanye lolote, ukae tu juu ya ndoo hii siku moja ili mimi nilale.

Ni mimi,
Dada yako


Tarehe 14 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo, na pole tena. Barua yako niliisoma nimesimama nje ya bafu, nikarudi kuisoma nimekaa.

Nimekwenda kuomba ruhusa. Msimamizi hakunifukuza, alinionyesha tu tanuri. Likiwashwa halizimwi mpaka oda iishe, na mpanga vigae hana mbadala. Mwisho wa mwezi wanalipoza ili walisafishe, na siku hiyohiyo nitapanda gari. Waombe wasubiri. Mguu ule, Dada, ndio niliojifunzia kusimama, niliukumbatia kama nguzo mpaka nikajua kwenda. Wakiukata kabla sijaja nitakuwa nimefika msibani.

Jino sasa limekuwa jambo. Shavu la kushoto limeshiba, la kulia lina njaa, na wenzangu wananisalimia upande mmoja mmoja. Bwana Dirisha alitoa kichwa nje ya dirisha ili alione, ndipo tukagundua kwamba ana kichwa. Anasema kuna usaha, vidonge vya maumivu havitoshi. Sanduku lake la dawa linafika wiki hii na atanipa zile kapsuli za rangi mbili. Aliniuliza kama kuna dawa inayonikataa. Nikamwambia mimi nilichukua tumbo la baba, nasaga hata vigae, mwenye ugomvi na ukoo ule ni mama. Basi angalau mtu mmoja wa nyumba ile atafaidi penisilini.

Mwambie mama nimekula. Nakula upande wa kulia.

Ni mimi,
Gunia wako


Tarehe 19 Aprili

Gunia,

Salamu baadaye. Kama umepewa zile kapsuli usimeze. Kama umeshaanza, acha sasa hivi, na uende mahali penye daktari. Si kwa Bwana Dirisha.

Nakueleza. Barua yako imefika leo asubuhi. Nilikuwa namwosha mama, na kwa kuwa anapenda kusikia habari zako nikawa namsomea huku nasugua. Nilipofika kwenye jino na rangi mbili akanishika mkono. Mkono unaoshindwa hata kijiko ulinishika mpaka nikaumia. Akasema, "Asipewe. Nilivimbiwa." Nikamwambia najua mama, ulivimbiwa, yeye lakini hana shida. Akasema, "Mpaka macho yake hayakuonekana."

Nikamuuliza macho ya nani.

Alinitazama kama anavyomtazama mtu mjinga tangu tukiwa wadogo. "Ya Gunia. Ya nani tena?"

Mdogo wangu, tumeishi na neno hili miaka yote na hatukulisikia. Unajua anavyoongea. Wewe ukiugua yeye ndiye aliyeuguliwa. Kuku wakifa, yeye kafiwa na kuku. Chungu kikipasuka jikoni, yeye kapasukiwa. Kila kitu kikimpata mwingine, anayeumia ni yeye, na hivyo ndivyo anavyokisimulia. Alivimbiwa. Alivimbiwa na mtoto. Nasi tukakaa tunabishana, ni tumbo au ni uso, na hatukuuliza uso wa nani.

Akaniambia yote, kwa mpangilio, bila kuondoka hata mara moja. Ulikuwa na homa ya kifua. Ilikuwa mchana kweupe, Gunia, si jioni. Walikuchoma zahanati, na kabla hajafika getini midomo yako ikajaa, macho yakafunga, ukaanza kukoroma kama kondoo anayechinjwa. Pale hawakuwa na sindano ya kukurudisha. Akakuweka begani na kukimbia mpaka hospitali. Kandambili moja ilichomoka njiani, hakurudi kuiokota. Tangu siku hiyo alikukataza sindano, sisi tukaona ni woga wake.

Nilikimbilia posta kupiga simu kiwandani kwenu. Amepokea mlinzi wa getini, na nyuma yake mashine zinaunguruma kama mwisho wa dunia. Nilipiga kelele mpaka karani wa posta akanifungia dirisha: mwambie Gunia wa chumba cha mwisho asimeze zile dawa, mama alivimbiwa naye! Nilirudia. Alisema ameelewa. Sina imani na kuelewa kwake, ndiyo maana naandika pia, na barua hii nampa dereva wa lori la saruji anayepita kwenu.

Shika haya. Si rangi mbili peke yake. Ni ndugu zake wote, cha maji, cheupe, cha sindano. Na wale mabinamu usimkubali hata mmoja bila daktari kujua habari zako. Ukiulizwa, usiseme dawa ilinikataa, kila mtu dawa imemkataa, hata aliyetapika kidogo. Usiseme nilivimbiwa. Sema: nilivimba uso, macho yakafunga, pumzi ikakata. Sema hivyo hivyo.

Hapa nimewaambia. Daktari wa upasuaji ameahirisha kukata. Kesho wanamjaribu mama kwa tone dogo la penisilini, wakiwa wamemzunguka. Nilidhani nitafurahi zaidi.

Nijibu. Hata mstari mmoja.

Dada yako


Tarehe 3 Mei

Gunia,

Natumai u mzima. Naandika hivyo kama watu wote wanavyoandika, lakini safari hii namaanisha kila herufi.

Mama alipewa tone, hakuna kitu. Akapewa dozi, hakuna kitu. Kumbe alisema kweli tangu siku ya kwanza kwamba yeye hana mzio. Mguu umeanza kupoa kuanzia gotini kushuka, na jana daktari wa upasuaji amepita kitandani bila kuzungumzia msumeno. Wodi nzima inanipongeza. Naitikia, halafu naenda getini kumuuliza mtu wa barua.

Nimepiga simu kiwandani tena. Inaita tu. Mtu mmoja posta kaniambia labda wamezima tanuri na watu wametawanyika, mwingine kasema labda waya umekatika. Wote ni watu wazuri, wananipa labda nyingi kadiri wanavyoweza.

Mama anauliza kama umekula. Namwambia ndiyo. Simjui mtu mwingine wa kumdanganya kwa urahisi hivyo, na simjui mtu mwingine ninayemwonea aibu hivyo nikimaliza. Kama umenikasirikia kwa ile barua ya wivu na ndoo, basi kasirika, lakini kasirika kwa maandishi.

Dada yako


Tarehe 11 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Usitazame mwandiko, mkono bado una sindano ya maji, na ninaandikia juu ya sahani.

Nipo. Naanza na hilo.

Mlinzi alinikuta kwenye foleni ya chakula, siku ileile uliyopiga. Kapsuli zilikuwa mfukoni mwangu, nimetoka dirishani sasa hivi. Akaniita mbele ya watu wote, "Gunia, dada yako kapiga simu. Anasema usije ukavimbiwa." Foleni nzima ilicheka. Nami nilicheka, kadiri shavu lilivyoruhusu. Nikasema huyo ndiye dada yangu, yuko mbali na bado anachunga sahani yangu. Nikachukua chai, nikameza na kapsuli.

Sikumaliza chai. Viganja vilianza kuwasha, kisha masikio, kisha ulimi ukawa mkubwa kuliko kinywa. Wenzangu walisema ni jino, jino limepasuka ndani, mpelekeni akalale. Na mtu yeyote angesema hivyo, shavu lenyewe lilikuwa limeshavimba tangu wiki iliyotangulia. Bwana Dirisha alitaka kuniongezea kapsuli nyingine. Macho yakaanza kufunga. Na hapo, Dada, neno lako likageuka sikioni mwangu. Usije ukavimbiwa. Nilivimbiwa. Nikamshika Fundi Tanuri shati na kumwambia kwa pumzi niliyobaki nayo, "Ni dawa. Si jino."

Hakuuliza. Alinitupa begani akatoka nami mbio kuelekea hospitali ya hapa mjini. Sikuona kitu. Nilisikia buti zake, nikasikia watu wanapiga kelele, nikatikiswatikiswa, na giza. Na ndani ya giza hilo nikasikia kandambili. Inapiga, kimya, inapiga, kimya. Nilijua harufu ya bega lile, na halikuwa la Fundi Tanuri.

Siku ile umeme haukukatika, Dada. Ni macho yangu yaliyofunga. Nililia pale begani kwa mtu, nisijue ninalilia pumzi au nini, na kama ningekuwa na koo ningemwita mama kwa sauti.

Daktari wa hapa anasema kwa kuwa tulifika tukisema mkosaji ni dawa, hawakupoteza muda na jino. Walinichoma ile sindano ya kurudisha watu papo hapo. Wangechelewa kidogo tu, ungeletewa barua na mtu mwingine. Kwa hiyo simu yako haikufika, lakini iliniokoa. Mlinzi amekuja mara kadhaa kuniomba msamaha. Ndiye aliyeniletea barua yako ya saruji. Siwezi kumkasirikia, anasikia kama mama.

Ngoja ucheke. Usaha wa jino ulikuwa bado, ndio ulionilaza hapa mpaka leo, na asubuhi moja akaja muuguzi na kichupa kipya. Nilikuwa nimeshaisoma barua yako mpaka imelegea. Nikamuuliza, huyu ni ndugu wa nani? Akacheka. Kisha akakitazama kichupa, akanitazama, akarudi nacho kwa daktari. Alikuwa binamu. Daktari akasema huenda asingenifanya chochote, lakini mwili ulioghadhibika juzi tu haupelekewi wageni, akanipa dawa ya ukoo wa mbali kabisa. Jino lenyewe wameling'oa. Fundi Tanuri analo mfukoni, sijui analitakia nini.

Nimeandikiwa kadi ya kutembea nayo. Karani alitaka kuandika kwa kifupi, nikamsomesha maneno yako moja moja: nilivimba uso, macho yakafunga, pumzi ikakata.

Wiki ijayo nikiruhusiwa nakuja moja kwa moja, na vigae vijipange vyenyewe. Ndoo yako nitaikalia. Mama mwambie, au usimwambie, wewe unajua anachoweza kubeba. Mimi nilitaka tu ajue kwamba nimekumbuka.

Ni mimi,
Gunia


Tarehe 18 Mei

Mdogo wangu,

Sina hakika kama barua hii itakuwahi au mtapishana njiani. Haidhuru, nitakuwa nimeandika.

Nililia, halafu nikamwambia. Nilimsomea yote. Alisikiliza huku mguu uko juu ya mto, mguu mzima, na vidole vyake vyote. Sikujua kama alikuwepo au alikuwa ameshaondoka. Nilipomaliza nikamuuliza kama anaikumbuka siku ile ya kandambili. Akapeleka mkono kwenye bega lake la kulia, akawa anajisugua hapo taratibu, kama mtu aliyetua mzigo sasa hivi.

"Alikuwa mzito, yule," akasema.

Halafu akauliza kama umekula. Nikamwambia ndiyo, na safari hii sikumwonea aibu. Amelala. Nami nimemwomba mama wa kitanda cha jirani amwangalie, nimetandika kanga yangu hapa chini, na ukinikuta nimelala usiniamshe.

Ni mimi,
Dada yako